Kujihisi Mgeni Ruiru na Thika: Kweli au Uongo?

Sensa ya 2009 ilihesabu watu 238,858 mjini Ruiru. Ile ya 2019 ikahesabu 490,120. Wengi wao wameacha ushago lakini bado hawajapata kwao pengine. Ugeni huo, pamoja na upweke wake, wanaubeba kimya, na dhana potovu zinawaongezea mzigo.

"Anayeishi katikati ya watu hawezi kuwa mpweke."
UONGO. Upweke ni pengo kati ya uhusiano ulio nao na ule unaouhitaji. Mpangaji anayedamka alfajiri kuwahi matatu ya Nairobi na kurudi usiku anaweza kukaa miaka bila kujua jina la jirani wa mlango wa pili.

"Upweke ni shida ya Wazungu."
UONGO. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2025 inasema mtu 1 kati ya 6 duniani ni mpweke. Katika nchi za kipato cha chini ni takriban asilimia 24. Katika nchi tajiri, 11.

"Kazi inaweza kumfanya mtu awe mgeni kwa nafsi yake."
KWELI. Mwaka 1959, mwanasosholojia Mmarekani Melvin Seeman alitaja sura tano za kujihisi mgeni: kukosa uwezo wa kuamua, kukosa maana, kutoona kanuni za kufuata, kutengwa, na kuwa mgeni kwa nafsi. Kibarua wa kiwandani Thika, asiyejua kama kesho ataitwa getini, anaijua vizuri ile ya kwanza.

"Ukihisi kama unajitazama kutoka nje, una wazimu au pepo."
UONGO. Hofu kali, uchovu na kukosa usingizi huweza kuleta hali hiyo, na mara nyingi hupita. Mwenye nayo hutambua kuwa ni hisia tu. Ikidumu, au ukiwaza kujidhuru, nenda hospitali bila kuona haya.

"Dawa ni kukutana na watu wengi."
NUSU KWELI. Kinachojenga ni kukutana na watu wale wale mara kwa mara, na kuwa na jukumu kati yao: chama, kwaya, timu ya mtaani, mahali ambapo usipofika, mtu anauliza uko wapi.

Basi mpangaji mpya akihamia kwenye ploti yenu, usingoje ajitambulishe. Muulize jina, mwambie maji hutoka siku gani, kisha mwalike chamani.