Mashine Inayoandika Faili la Mgonjwa (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulieleza jinsi Marekani ilivyoyahamisha mafaili ya wagonjwa kutoka kwenye karatasi kwenda kwenye kompyuta, hasa baada ya sheria ya mwaka 2009 iliyotenga mabilioni ya dola kwa hospitali na madaktari waliokubali kuhama. Leo tuone yaliyowakuta madaktari hao, na dawa waliyoletewa.

Mwaka 2016 jarida la Annals of Internal Medicine lilichapisha utafiti wa Christine Sinsky na wenzake, waliowafuatilia madaktari 57 kazini. Asilimia 27 tu ya muda wao ilitumika ana kwa ana na wagonjwa. Karibu nusu iliishia kwenye kompyuta na kazi za mezani. Baadhi yao, wakifika nyumbani usiku, waliendelea na kazi kwa saa moja au mbili.

Kwa nini maandishi yawe mengi kiasi hicho? Faili lilianza kama kumbukumbu ya tiba, likaishia kuwa hati ya madai ya fedha. Kwa miongozo ya malipo ya Marekani ya mwaka 1995 na 1997, kiwango cha malipo kilitegemea kwa sehemu kubwa idadi ya mambo ambayo daktari ameandika kwamba aliuliza, na sehemu za mwili alizoandika kwamba alizipima. Anayeandika kwa ufupi alilipwa kidogo, hata kama tiba yake ilikuwa bora. Masharti hayo yalilegezwa mwaka 2021, lakini mazoea hayakufutika. Nalisisitiza hili kwa sababu wauzaji wa programu za kumwandikia daktari faili, ambazo ndizo dawa iliyoletwa, hawapendi kulitaja: sehemu kubwa ya mzigo huu iliwekwa na watu, na watu wanaweza kuutua bila mashine yoyote.

Programu zenyewe hufanya kazi hivi. Simu huwekwa mezani, na mgonjwa akikubali, mazungumzo yanarekodiwa. Kwanza sauti hugeuzwa maandishi. Kisha akili mnemba huyachambua, huacha salamu na habari za wajukuu, na kuyapanga kwa utaratibu ambao Lawrence Weed aliufundisha tangu miaka ya 1960: anachosema mgonjwa, alichokiona daktari, tathmini yake, na mpango wa tiba. Daktari husoma rasimu, husahihisha, ndipo huidhinisha.

Jaribio kubwa ninalolifahamu lilianza Oktoba 2023 kwa madaktari wa The Permanente Medical Group, wanaowahudumia wanachama wa Kaiser Permanente kaskazini mwa California. Katika wiki 63 madaktari 7,260 walitumia programu za aina hii katika mazungumzo zaidi ya milioni 2.5 na wagonjwa, na muda uliookolewa ulikadiriwa kuwa saa 15,791. Idadi hiyo inavutia mpaka uigawanye: ni kama sekunde 22 kwa kila mazungumzo. Lakini karibu nusu ya wagonjwa walioulizwa walisema daktari aliitazama kompyuta kidogo kuliko zamani, na wengi wa madaktari walisema wanaifurahia zaidi kazi yao. Naona faida halisi iko hapo. Mgonjwa anayetazamwa usoni husema mambo ambayo asingeuambia mgongo wa kompyuta.

Makosa yapo, na ni ya hatari kwa sababu yameandikwa kwa ufasaha. Miongoni mwa madaktari hao hao, mmoja alizungumzia kupanga uchunguzi wa tezi dume. Rasimu ikaandika kwamba uchunguzi umeshafanyika. Mwingine alitaja matatizo ya mikono, miguu na mdomo, na mashine ikayageuza kuwa ugonjwa wa kuambukiza wenye jina la viungo hivyo vitatu. Utafiti wa mwaka 2024 kuhusu Whisper, programu ya OpenAI ya kugeuza sauti maandishi, ulikuta kwamba takriban asilimia 1 ya rekodi zilizochunguzwa zilipewa maneno ambayo hayakusemwa kabisa, na tatizo lilikuwa kubwa zaidi kwa watu ambao maradhi yamewaharibia usemi, ambao hunyamaza kwa muda mrefu katikati ya maneno. Wanaohitaji zaidi kusikilizwa ndio wanaosikiwa vibaya.

Zaidi ya hayo, kuandika ni kufikiri. Daktari anapotafuta neno la kuandika kwenye tathmini, mara nyingi hapo ndipo shaka humwingia na kumrudisha kwa mgonjwa kwa swali moja la ziada. Ningependa mashine iandike historia na mpango, na tathmini ibaki mkononi mwa daktari.

Kwetu kuna ugumu ambao California haukuwapo kwa kiasi hiki. Daktari wa Dodoma au Mombasa huzungumza na mgonjwa kwa Kiswahili, pengine na Kigogo au Kigiriama kikiingia katikati, kisha huandika faili kwa Kiingereza. Mashine itakayomsaidia italazimika kusikia, kutafsiri na kufupisha kwa mpigo mmoja, na kila hatua ina nafasi yake ya kukosea. Kabla ya kuinunua, hospitali inapaswa kuijaribu kwa sauti za wagonjwa wake yenyewe, na kuhesabu makosa hayo kwa kila lugha.

Wiki ijayo: sauti ya mgonjwa inahifadhiwa wapi, na sheria za ulinzi wa taarifa binafsi za Kenya ya mwaka 2019 na Tanzania ya mwaka 2022 zinasemaje.