Kuikagua Motokaa Kuukuu Iliyoliwa na Kutu

Mhariri wa kurasa za Kiswahili ameniomba nieleze jinsi fundi anavyoitazama motokaa kuukuu yenye kutu, apate kujua kama yafaa kutengenezwa upya au yafaa kupimwa kwa kilo. Nimekubali kwa furaha, kwa maana watu wengi huniuliza swali hili wakati wamekwisha kutoa fedha zao, na hapo jibu haliwafai tena.

Kazi yangu ni kuchomelea vyuma na kunyosha bodi za magari hapa Mbarara. Mara ya kwanza nilishika mashine ya kuchomelea katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ambako nililelewa na ambako Kiswahili husikika sokoni kila siku. Tulikuwa tukitengeneza milango, madirisha na majiko ya mkaa. Baadaye nikaja kusoma hapa Ruharo, na katika darasa la kemia nikaelezwa kwa nini chuma huliwa. Ufundi wa Nakivale na somo lile la Ruharo ndivyo ninavyovitumia hata leo.

Mfano wangu ni Datsun 240Z moja iliyokuwa imelazwa katika zizi la ng'ombe, si mbali na mto Rwizi. Mwenyewe ni mama mjane. Marehemu mumewe aliinunua zamani, akaiendesha kwa muda, breki zikaharibika, akaisukuma zizini akisema ataitengeneza. Akafariki haijaguswa. Sasa mama alikuwa na mjukuu wa kidato cha nne, na karo ilikuwa imechelewa. Watu wawili walikuja kuitaka motokaa hiyo. Wa kwanza alikuwa mnunuzi wa chuma chakavu, akataja shilingi 900,000. Wa pili alikuwa kijana wa Kampala apendaye magari ya zamani. Alisema ataongeza kidogo tu, kwa kuwa bodi imeoza yote. Mama akaniita.

"Mwanangu, wewe hununui wala huuzi," akasema. "Niambie kweli. Hii ni gari au ni mabati?"

"Mama," nikamjibu, "nipe siku moja, na mtu wa kunishikia tochi."

Mtu huyo akawa mjukuu wake.

Yafaa kwanza mjue ni motokaa ya namna gani. 240Z ni gari la watu wawili, lenye pua ndefu na mgongo ulioteremka. Injini yake ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wake sentimita za ujazo 2,393. Datsun waliitengeneza tangu mwaka 1969 hata 1973. Katika Afrika ya Mashariki ilipata sifa kwa sababu ya mashindano ya Safari, yale yaliyoanza mwaka 1953 na kuzunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda wakiwa ndani ya 240Z. Mwaka 1973 akashinda Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, ambaye jamaa zake walikuwa miongoni mwa Waasia waliofukuzwa nchini mwaka 1972. Mehta aliishinda Safari mara tano kwa jumla.

Kwa sababu ya sifa hiyo kila 240Z iliyobaki huku kwetu ina hadithi yake. Jirani mmoja wa mama aliapa kwamba hii ndiyo iliyoshinda mwaka 1971. Lakini ile iliyoshinda iko Japani, imehifadhiwa na kampuni iliyoitengeneza. Nilitafuta matundu ya taa za ziada na vyuma vya kuongeza nguvu ambavyo magari ya mashindano hufungiwa. Sikuona hata kimoja. Hadithi isiyo na karatasi wala alama haiongezi bei, na mimi huiondoa katika hesabu kabla sijalala chini ya gari.

Karatasi zenyewe ni jambo kubwa hapa Mbarara. Vita vya mwaka 1979 viliharibu sehemu kubwa ya mji huu, na nyaraka nyingi za watu zikapotea. Basi namba ya bodi iliyopigwa kwenye ukuta wa nyuma ya injini, na namba ya injini yenyewe, yapasa zilingane na zile za kitabu cha gari. Mama alikitoa kitabu katika sanduku la nguo. Namba zililingana. Jina lililoandikwa lilikuwa la mtu aliyemwuzia mumewe, lakini hati ya mauzo ilikuwapo, imetiwa sahihi. Hilo lilitosha kuendelea.

Sasa nije kwenye kutu. Mliokwisha kufanya jaribio la misumari mnakumbuka: msumari uliowekwa penye hewa kavu haupati kutu, ule uliotiwa katika maji yaliyochemshwa na kufunikwa mafuta haupati, ule wenye maji na hewa pamoja hupata, na ukitia chumvi huliwa upesi zaidi. Motokaa ni msumari mkubwa. Huko Mombasa chumvi hutoka baharini. Huku kwetu hakuna bahari, lakini mkojo wa ng'ombe nao una chumvi, na vumbi letu jekundu huingia katika mapengo ya bodi, likinyeshewa huwa tope, nalo tope hushika unyevu muda mrefu baada ya mvua kwisha. Tena kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichozaa kutu hiyo, ndiyo maana rangi huvimba kama ngozi iliyoungua. Ukiona malengelenge madogo juu, ujue ugonjwa ulianza upande wa ndani.

Wengi wakifika kwenye gari kuukuu hufungua boneti kwanza. Mimi injini naiacha mwisho. Lori lina chesi yake, na bodi imewekwa juu tu. Bodi ikioza waweza kuiondoa, na lori likabaki. 240Z haina chesi ya peke yake. Sakafu, vizingiti vya milango, kuta na paa vimeunganishwa kuwa kitu kimoja, na bati hilo jembamba ndilo linalobeba injini, magurudumu na watu. Injini mbovu hufunguliwa ikawekwa mezani. Bodi iliyooza huiwezi kuiweka mezani; yakupasa kuijenga mahali pale pale iliposimama, nayo isipinde.

Vyombo vyangu vilikuwa vichache: sumaku iliyofungwa kitambaa, bisibisi kuukuu, nyundo ndogo, tochi, futi, uzi wenye timazi, na chaki za rangi tatu. Sumaku hunionyesha mahali palipozibwa kwa puti, kwa kuwa puti haivutwi. Nyundo hunipa sauti: bati zima hulia, bati lililooza hujibu kama kadibodi. Bisibisi huisukuma pale ninaposhuku, lakini kwanza humwomba mwenyewe ruhusa, maana itatoboa. Chaki nyeupe ni kutu ya juu inayotoka kwa brashi ya waya. Ya manjano ni kutu iliyochimba vishimo. Nyekundu ni mahali pa kukata.

Kabla ya kuinua motokaa kwa jeki nilitazama pengo kati ya mlango na nguzo yake, nikalipima juu na chini. Kisha tukainua polepole, nikapima tena. Mlango wa kulia pengo halikubadilika. Mlango wa kushoto lilibana kwa juu, na mlango ukawa mgumu kufunguka. Jambo hilo dogo lilinieleza habari zaidi kuliko rangi yote ya nje: kizingiti cha kushoto kilikuwa hakibebi tena sawasawa. Tukaiweka motokaa juu ya magogo manene. Usiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake, hata kama unakwenda kutazama kitu cha dakika moja. Na penye bati lililooza jeki huweza kupenya sakafu ghafula.

240Z ina mahali pake panapojulikana kuoza. Sinia ya betri ni pa kwanza, kwa kuwa tindikali humwagika, ikala sinia, kisha ikateremkia mhimili wa chini na sakafu. Kwetu sinia ilikuwa imekwisha kabisa, na mhimili uliokuwa chini yake ulitoboka kwa kidole. Halafu pale chini ya kioo cha mbele, ambapo majani hukusanyika na kuziba njia ya maji. Humo nilitoa udongo wa kujaza kofia, na mchwa wakiwamo. Halafu madigadi nyuma ya magurudumu ya mbele, matao ya magurudumu ya nyuma, shimo la gurudumu la akiba, na ukingo wa chini wa mlango wa nyuma. Sakafu ya pande zote mbili ilikuwa nyekundu kwa chaki yangu. Tao la nyuma upande wa kushoto lilikuwa na puti nene. Mtu aliwahi kuziba kutu badala ya kuikata, nayo ikaendelea kula chini kwa chini.

Lakini tazama yaliyokuwa mazima. Vikombe vinavyoshika shokamzoba, mbele na nyuma, vililia vizuri. Nguzo za kioo, paa, na kizingiti cha kulia vilikuwa na kutu nyeupe tu. Hivi ndivyo vigumu kuvijenga upya, na kama vingekuwa vimeoza ningemwambia mama achukue zile 900,000 siku hiyo hiyo.

Likabaki swali la umbo. Gari lililogongwa zamani huweza kuwa limepinda, na bati zuri lililopinda halina faida. Tuliteremsha timazi kutoka boliti nne za chini, mbili za mbele na mbili za nyuma zinazokabiliana, tukatia alama kwenye ubao uliolazwa chini, kisha tukapima kutoka pembe hata pembe, kulia kwa kushoto na kushoto kwa kulia. Mjukuu aliijua hesabu hii: mistari miwili ya kukatiza ikiwa sawa, umbo halikwenda upande. Tofauti ilikuwa milimita 3, ambazo kwa kupima kwa uzi si kitu.

Injini nitaieleza kwa kifupi. Usijaribu kuiwasha. Tulitoa plagi sita, tukatia mafuta kidogo katika kila silinda, tukaacha hata kesho yake, kisha tukaizungusha taratibu kwa spana. Ikazunguka. Kabureta zake mbili zilikuwapo, na taa za nyuma na vioo pia, jambo lililonifurahisha kuliko injini, kwa sababu pistoni huweza kuagizwa lakini pambo la asili hutafutwa kwa miaka. Tangi lilikuwa na petroli iliyogeuka kama asali chafu; mvuke wake bado huwaka, basi tangi litolewe kabla cheche yoyote haijarushwa. Na vumbi la breki za miaka ile huweza kuwa na asbesto. Lisipulizwe, lipanguswe kwa kitambaa chenye maji.

Kisha nikahesabu. Kutu huikati mahali unapoiona. Huikata mpaka ufike kwenye chuma safi, basi tundu la ukubwa wa sarafu hudai kiraka cha ukubwa wa kiganja. Bati la bodi ni jembamba, na mashine ya vijiti tuliyotumia Nakivale kwa milango ya chuma ingelitoboa. Inatakiwa mashine ya waya, au gesi na mkono mtulivu. Niliandika: sakafu mbili, mhimili mmoja, kizingiti kimoja, tao moja, na viraka kumi na vinne. Kwa fundi mmoja ni kazi ya miezi minne au mitano, kabla ya rangi, breki na mpira hata mmoja. Kwa mama haikuwa na maana kuitengeneza. Karo haingoji miezi mitano. Kwa kijana wa Kampala ilikuwa na maana, kwa kuwa tangu mwaka 2018 sheria ya Uganda inakataza kuingiza magari yaliyozidi umri wa miaka 15, na 240Z iliyokwisha kuwamo nchini haipatikani kila siku.

Niliandika yote katika karatasi mbili zilizo sawa, mabaya na mazuri, moja ya mama na moja ya mnunuzi. Alipokuja tena nilimpa tochi na bisibisi, nikamwacha afuate chaki zangu mwenyewe. Alikaa chini ya gari karibu saa nzima. Alipotoka hakusema tena kwamba imeoza yote. Alitaja shilingi milioni tatu. Mama akanyamaza, akaitazama karatasi yake. Kijana akataja nne na nusu, na mama akaagiza chai.

Kabla ya kuipandisha motokaa juu ya lori tulikata miti ya mkaratusi, tukaikaza ndani ya matundu ya milango toka nguzo hata nguzo, ili bodi isijikunje njiani kwenda Kampala. Mjukuu alishika tochi.