Nyuki wakihamia darini: namna ya kuwaondoa wakiwa hai

Mvua za mwisho wa mwaka zinaponyesha Kitui na maua kuwa mengi, makundi ya nyuki hugawanyika na kuanza kutafuta makao mapya. Mengine huingia kwenye mizinga iliyotundikwa mitini. Mengine huishia kwenye dari ya darasa, stoo ya mahindi au tangi kuukuu nyuma ya nyumba, na hapo ndipo hofu huanza.

Mara nyingi watu hukimbilia moto au dawa ya wadudu. Moto chini ya mabati unaweza kushika mbao za paa na kuteketeza nyumba nzima. Dawa nayo huua nyuki, lakini masega yenye asali hubaki. Nyuki wa mizinga ya jirani huja kuiba asali hiyo na kurudi nayo kwao, na sumu humpata mfugaji ambaye hakuhusika. Asali iliyopuliziwa dawa haifai tena kuliwa.

Ipo njia nyingine. Kwa ndoo, wavu na mashine ya kufyonza vumbi, kundi zima linaweza kuvutwa likiwa hai na kuhamishiwa mzingani.

Inavyofanya kazi

Nyuki hawafiki kwenye mashine yenyewe. Mpira mmoja hutoka kwenye masega hadi ndani ya kizimba cha wavu kilicho ndani ya ndoo. Mpira wa pili hutoka kwenye ndoo, nje ya kizimba, hadi kwenye mashine. Hewa hupita kwenye wavu, nyuki hubaki.

Vifaa vinavyohitajika

- Ndoo ya plastiki ya lita 20 yenye kifuniko kinachobana vizuri.
- Wavu wa waya wenye matundu yasiyozidi milimita 3.
- Mpira wa upana wa inchi moja na nusu, urefu wa mita 2 hivi, ulio laini ndani. Mpira wenye mikunjo ndani huvunja miguu na mabawa ya nyuki.
- Mashine ya kufyonza vumbi pamoja na mpira wake.
- Kipande cha plaiwudi, sponji ya godoro, skrubu na tepu.

Kutengeneza

Wavu ukunjwe kuwa kizimba cha mviringo kinachoingia ndani ya ndoo na kuacha nafasi ya sentimita 2 au 3 pande zote. Juu kifunikwe kwa plaiwudi iliyokazwa kwa skrubu chini ya kifuniko cha ndoo. Kitako kifungwe kwa ndoano za waya ili kiweze kufunguliwa baadaye. Ndani ya kitako iwekwe sponji, nyuki wasijigonge wanapoingia.

Mpira wa nyuki upite kwenye kifuniko na plaiwudi hadi ndani ya kizimba. Mpira wa mashine uingie ubavuni mwa ndoo, karibu na chini. Mianya yote izibwe kwa tepu.

Sehemu muhimu kuliko zote ni tundu la kupunguza nguvu. Ubavuni mwa ndoo, juu kidogo, litobolewe tundu la upana wa sentimita 5, lifunikwe kwa wavu, kisha kiwekwe kipande cha bati kinachozunguka kwenye skrubu moja. Tundu likiwa wazi, mashine huvuta kwa upole. Likizibwa, huvuta kwa nguvu. Mashine isiyopunguzwa nguvu huua nyuki wengi, na kazi yote huwa bure.

Kazi huanza tundu likiwa wazi kabisa, kisha linazibwa kidogo kidogo hadi nyuki waanze kuachia sega. Baada ya kuvuta nyuki wachache, mashine izimwe na kizimba kikaguliwe. Wakionekana wamelala au wanachechemea, tundu lifunguliwe zaidi.

Siku ya kazi

Nyuki wa huku ni wakali wanapolinda kiota, hivyo mtu asifanye kazi hii peke yake wala bila mavazi kamili ya kinga na bomba la moshi. Wakati mzuri ni jioni, nyuki wengi wakiwa wamerudi. Majirani wajulishwe mapema, watoto waondolewe, na mbuzi, punda na ng'ombe waliofungwa karibu wahamishwe. Mnyama aliyefungwa kamba hawezi kukimbia.

Nyuki huvutwa kutoka kwenye sega moja kabla halijakatwa. Masega yenye majana hufungwa kwa uzi kwenye viunzi au fremu za mzinga mpya, kwa kuwa nyuki huacha makao yasiyo na majana kwa urahisi. Malkia akionekana, awekwe kando kwenye kijisanduku chenye matundu. Asipoonekana, majana yenye mayai huwapa nyuki nafasi ya kulea malkia mwingine. Asali iingie kwenye ndoo tofauti iliyofunikwa. Nyuki walioloa asali hufa ndani ya mpira.

Mashine ikizimwa, hewa haipiti tena na ndoo hupata joto haraka. Kizimba kitolewe mara moja, shimo la mpira lizibwe kwa kitambaa, na nyuki wamiminwe mzingani bila kuchelewa. Kundi kubwa livutwe kwa awamu mbili.

Mzinga upelekwe zaidi ya kilomita 3, la sivyo nyuki watarudi palepale. Mahali walipotoka pakwanguliwe nta yote na mwanya uzibwe, kwa maana harufu ya nta huita kundi jingine.

Tahadhari

Mwiba wa nyuki utolewe haraka kwa kukwangua kwa ukucha. Nyuki anapouma huacha harufu inayoita wenzake, hivyo mtu aondoke hapo kwanza. Anayevimba uso au midomo, anayepumua kwa shida, au aliyeumwa mara nyingi afikishwe hospitalini bila kungoja. Mtu anayejua kwamba nyuki humdhuru namna hiyo asikaribie kazi hii.

Kiota kilicho juu sana, karibu na nyaya za umeme au ndani ya ukuta kiachiwe mfugaji mwenye uzoefu. Wakazi wanaohitaji ushauri wanahimizwa kufika kwa afisa wa mifugo wa wadi yao kabla ya kugusa kiberiti au dawa.