Umri wa Upare, Umri wa Kilimanjaro

Msafiri anayetoka Dar es Salaam kwenda Moshi huipita milima ya Usambara na Upare upande wake wa kulia bila kuitazama sana, kisha Kilimanjaro ikichomoza huchomoa simu apige picha. Kumbe Kilimanjaro ndiyo mtoto hapo. Volkano zilizoijenga hazina hata miaka milioni 3, ilhali miamba ya Upare inahesabiwa kwa mamia ya mamilioni.

Tunajuaje? Kwa zirkoni, madini magumu ambayo punje zake nyingi hazifiki robo ya milimita. Zirkoni inapojiunda huingiza urani kidogo na kuikataa risasi. Basi risasi inayokutwa humo baadaye karibu yote imezaliwa na urani. Urani-238 hupungua nusu kila miaka bilioni 4.47, na urani-235 kila miaka milioni 704, kila moja ikizaa risasi ya aina yake. Punje moja, hesabu mbili. Zikipishana, mpimaji anajua kuna risasi iliyovuja, au amepima vizazi viwili kwa mpigo.

Kosa hilo la mwisho ni rahisi kulifanya. Mwamba husagwa, zirkoni huchujwa, hugandishwa kwenye gundi na kusuguliwa hadi punje ibaki nusu. Ikimulikwa kwa elektroni, huonekana kiini chenye mistari myembamba, na pembeni ganda lisilo na mistari. Kiini kilitokana na uji wa mwamba ulioyeyuka. Ganda liliota baadaye, mwamba ulipopikwa upya. Mwali wa ayoni hulenga doa dogo kuliko upana wa unywele, kwanza kwenye kiini, kisha kwenye ganda. Ukisaga punje nzima ukapima, utapata tarehe ya kati, ya tukio ambalo halijawahi kutokea.

Katika Upare, Usambara na Uluguru, maganda yanaelekeza kwenye miaka milioni 640 hivi, mabara yalipogongana kuliunda bara kuu la kale la Gondwana na miamba hii ikazikwa zaidi ya kilomita 30 chini. Profesa Sospeter Muhongo, kabla ya kuwa waziri wa nishati na madini, alikuwa miongoni mwa waliozipima zirkoni hizo. Lakini asili imo kwenye viini. Magharibi zaidi, kuelekea Dodoma, vipo vyenye takriban miaka bilioni 2.7: hiyo ni sehemu ya kale ya ardhi ya Tanzania, iliyopikwa tu pembezoni. Mashariki, vingi vilivyopimwa havifiki bilioni moja. Kwa maoni yangu tofauti hii ndiyo yenye uzito kuliko tarehe ya mgongano, kwa sababu joto lilelile limepita juu ya miamba ya koo mbili tofauti.

Kimo, hata hivyo, zirkoni haikisemi. Mabonde na miteremko mikali anayoiona msafiri yule ni kazi ya nyufa za ardhi zilizoinua miamba hii baadaye sana, na kwa hilo wataalamu hupima madini mengine, kama apatiti, yanayoweka kumbukumbu ya mwamba kupoa unapokaribia uso wa dunia.