KOMEO LILILOVIKWA NGOZI

Ndugu wanajeshi na askari polisi, ni nani miongoni mwetu hajapata kuitwa akamkamate mtu aliyerukwa na akili? Twafika, twakuta umati umemzunguka, kamba i tayari, na macho yote yanatuelekea sisi. Kwa ajili ya saa kama hiyo tumeona vema kuwasimulieni habari za nyumba moja ya mji wa York, nchini Uingereza.

Mji huo ulikuwa na hospitali ya wendawazimu tangu mwaka 1777, jengo la fahari lililochorwa na John Carr na kujengwa kwa michango ya wahisani. Lakini fahari ilikuwa ya nje. Mwaka 1790 mjane mmoja, Hannah Mills, alilazwa humo. Wenzake wa dhehebu la Wakweka walipotaka kumjulia hali walikataliwa, na baada ya wiki chache akafa. Mwaka 1814 hakimu Godfrey Higgins alilazimisha milango ifunguliwe, akakuta vyumba vya siri vilivyojaa uchafu, ambamo wanawake walikuwa wakilazwa usiku.

Wakweka, ambao imani yao yawakataza kushika silaha, hawakuishia kulalamika. Mwaka 1792 William Tuke, mfanyabiashara wa chai na kahawa, alitoa shauri wajenge nyumba yao wenyewe. Wakachanga fedha, wakanunua eka 11 kilimani nje ya mji, na mwaka 1796 nyumba ikafunguliwa. Wakaiita The Retreat, maana yake Kimbilio.

Mchoraji John Bevans alipewa kazi ngumu: nyumba iwe salama, lakini isifanane na gereza. Fremu za madirisha zilikuwa za chuma, ila zilitengenezwa zionekane kama mbao. Makomeo ya milango yalivikwa ngozi ili yasilie yanapofungwa. Uani walifugwa kuku na sungura, wagonjwa wapate viumbe wa kuwatunza. Ulinzi haukulegezwa hata kidogo. Kilichoondolewa ni fedheha.

Siku moja aliletwa mtu wa miraba minne, mwenye umri wa miaka 34 hivi. Kwa jinsi alivyozoea kufungwa minyororo, nguo zake zilishonwa kwa vikamba ili avikwe na kuvuliwa bila ya kufunguliwa pingu. Hapo mlangoni pingu zikatolewa, akapelekwa mezani ambako wasimamizi walikuwa wakila chakula cha jioni, akakaribishwa. Akala kwa utulivu. Baada ya miezi minne hivi akarudi kwao, amepona.

Si wote waliopona, wala si kwamba hakuna aliyefungwa: wachache waliohatarisha maisha walizuiwa kwa mikanda. Lakini minyororo na viboko vilipigwa marufuku kabisa. Mwaka 1813 Samuel Tuke, mjukuu wa mwanzilishi, aliandika kitabu juu ya nyumba hiyo, na mwaka 1815 Bunge la Uingereza likachunguza hali ya hospitali za wendawazimu. Kimbilio lililaza wagonjwa hadi mwaka 2018.

Sisi tuliofunzwa kutumia nguvu twajua kwamba aliye hodari ni yule awezaye kuizuia nguvu yake. Pingu zetu ni za chuma, na hazina budi kuwa za chuma. Lakini mkono uzifungao, na sauti imwitayo mgonjwa kwa jina lake mbele ya umati, hiyo ndiyo ngozi tuwezayo kulivika komeo.