Kuinamisha uso baada ya upasuaji wa jicho, na safari ya kurudi Bukavu

Mtu aliyepasuliwa jicho kwa sababu ya tundu la makula hukutwa ameinamisha uso hata wageni wakiingia. Si huzuni wala haya. Anamtii daktari.

Makula ni sehemu ndogo katikati ya retina, ile tunayotumia kusoma na kutambua nyuso. Uzeeni, ute ulio ndani ya jicho hujivuta kutoka kwenye retina, na mara nyingine huacha tundu hapo. Mstari ulionyooka huonekana umepinda. Mwaka 1991 madaktari wawili wa Marekani, Kelly na Wendel, walitangaza kwamba tundu hilo linaweza kufungwa. Daktari huondoa ute na kuweka gesi. Gesi hupanda juu kama povu majini. Uso ukitazama chini, hugandamiza tundu lililo nyuma ya jicho. Wengine huinama siku tatu, wengine wiki. Tundu likiwa dogo, madaktari wengine hawadai sana. Mgonjwa afuate aliloambiwa yeye, si alilosikia kwa jirani. Mchana aegemeze paji la uso kwenye mto juu ya meza. Usiku asilale chali. Anayekuja kumwombea akae chini kwenye mkeka, waongee vizuri.

Linalotutia wasiwasi zaidi sisi wa Bukavu ni barabara. Gesi hupanuka mtu akipanda mlima. Tuseme mama amepasuliwa Kigali. Miji yote miwili iko karibu mita 1,500, lakini basi hupita msitu wa Nyungwe, juu ya mita 2,000. Hapo gesi huvimba, shinikizo la jicho hupanda, na jicho linaweza kupofuka. Ndege ni hatari vilevile. Anayetoka Bujumbura naye hupanda mita 700 hivi hadi kwetu.

Gesi nyingine hudumu wiki mbili au tatu, nyingine hadi miezi miwili. Basi familia iulize kabla ya upasuaji, na itafute pesa za kukaa huko. Mchango wa kanisa hapo unafaa kuliko matunda. Yako pia mafuta ya silikoni, ambayo hayavimbi, ila huhitaji upasuaji wa pili kuyatoa.

Gesi ikipungua, mgonjwa huona mstari kama wa maji kwenye glasi, ukishuka siku kwa siku. Maumivu makali au giza la ghafula ni la kumrudisha kwa daktari usiku uleule. Na akipasuliwa penginepo kabla gesi haijaisha, amwambie anayetoa usingizi: naitrasi oksaidi huivimbisha pia.