Tajiri ni Nani, Kibarua ni Nani?



Safari hii tunataka tuzungumze jambo ambalo wakati wa siasa hupigiwa kelele sana, lakini wakati wa kulipana watu hunyamaza: ujira wa mtu anayelima shamba la mwingine.

Tulifika Mbwajumali, kisiwani Pate, kukitembelea kikundi kimoja cha akina mama wanaolima simsim na kunde. Tulitarajia kusikia habari za mavuno. Badala yake tukakuta kikundi kimegawanyika mara mbili. Walikuwa wamemwajiri kijana mmoja wa hapo hapo kijijini kuwapalilia, kwa makubaliano ya mdomo tu, shilingi 250 kwa siku. Kijana akafanya kazi siku 24. Hesabu yake ni shilingi 6,000. Mavuno yakawa haba, mnunuzi akatoa bei ya chini, na kikundi kikamwambia angoje. Tulipofika alikuwa amengoja miezi mitatu.

Mama mmoja akasema, "Sisi si matajiri. Sisi ni kikundi cha kujisaidia. Huyu ni mtoto wetu, avumilie."

Kijana akajibu kwa adabu, "Mama zangu, mimi sikatai kuvumilia. Lakini dukani hawanikopeshi unga kwa sababu mimi ni mtoto wenu."

Mzee mmoja aliyekuwa barazani akaingilia: "Kila mtu angelima lake, haya yote yasingekuweko." Na mwenye duka naye akasema kwamba mwenye mali akibanwa sana na mambo ya mishahara ataacha kuajiri, na vijana watakaa bure.

Basi, ndugu zetu, katika baraza moja tulisikia siasa yote ya nchi hii. Tuiangalie kwa utaratibu wetu wa siku zote: tutazame, tupime, halafu tutende.

TUTAZAME

Mjadala huu haukuanza jana. Mwaka 1965, kwenye mkutano wa hadhara huko Kandara, Rais Jomo Kenyatta alimkemea Bildad Kaggia mbele ya watu. Kaggia, aliyefungwa pamoja naye katika kesi ya Kapenguria, alikuwa akidai wasio na ardhi wapewe mashamba bila kulipa. Kenyatta alimwuliza yeye amejifanyia nini, hali wenzake waliofungwa naye wameshapata mashamba na biashara. Kwa maneno mengine: anayejitegemea ni yule aliyejipatia mali. Kaggia aliona kwamba mtu asiye na shamba hawezi kuambiwa ajitegemee kwa mikono mitupu.

Mwaka huo huo serikali ya Kenya ilitoa waraka wake juu ya ujamaa wa Kiafrika, lakini njia iliyofuatwa ilikuwa ya mali ya mtu binafsi, na neno la kila siku likawa Harambee.

Jirani zetu Tanzania walitoa Azimio la Arusha mwaka 1967. Huko viongozi walikatazwa kuwa na hisa katika makampuni, kupokea mishahara miwili, au kuwa na nyumba za kupangisha. Kujitegemea kukawa ni jambo la taifa na kijiji kizima. Lakini miaka ya 1970 watu wengi walihamishwa kwa nguvu kupelekwa vijijini, na mtu aliyeamriwa kujitegemea mara nyingi hakuuliwiza shauri lake. Kenya walisifiwa wenye mali, Tanzania ikasifiwa jumuiya, na kote kuwili palizi ilikuwa ni kazi ya yule yule mwenye jembe.

Mwaka 2022 tukasikia maneno hayo kwa lugha nyingine. Wagombea walizungumza juu ya "mahasla" na watu wa chini, na Novemba mwaka ule serikali ikaanzisha mkopo wa Hustler Fund, kuanzia shilingi 500 hadi 50,000. Mkopo waweza kumsaidia mwenye genge au mwenye mtumbwi. Lakini kibarua wa shamba hana shida ya kukosa deni. Shida yake ni kwamba yeye ndiye anayedai, na halipwi.

Na hapa kwetu pwani jambo hili lina mizizi mirefu zaidi. Karne ya 19 mashamba ya bara yaliyoielekea Lamu na Pate yalitoa mtama na simsim nyingi zilizosafirishwa kwa majahazi. Waliolima ni watumwa. Utumwa ulipofutwa na sheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, waliolipwa fidia ni waliokuwa mabwana. Waliofanya kazi hawakulipwa kitu, wala hawakupewa ardhi. Hatulisemi hili ili kuamsha ugomvi wa nasaba. Twalisema kwa kuwa bado katika masikio ya watu wengi kumlimia mwingine ni kazi ya mtu wa chini, na kazi ya mtu wa chini huonekana kwamba yaweza kungoja malipo.

Halafu miaka ya 1960, wakati wa vita vya Shifta, Wabajuni wengi wa vijiji vya bara walikimbilia visiwani, wakaacha mashamba yao huko. Mzee anapomwambia kijana alime lake, ni vizuri kwanza kuuliza: lake lipi, na liko wapi?

TUPIME

Tuyachukue yale maneno matatu ya barazani, moja moja.

La kwanza: "Mwenye mali ndiye aletaye kazi." Lina ukweli. Mwenye shamba hutoa mbegu, huvumilia ukame na nyani, na mnunuzi humpangia bei. Ukame wa 2020 mpaka 2023 uliwafilisi wengi. Lakini hatari hiyo ni yake kwa sababu na faida ni yake. Simsim ikipanda bei, kijana yule hataongezewa. Kwa nini basi ikishuka bei yeye ndiye apunguziwe au acheleweshwe? Palizi aliifanya yote, mvua inyeshe isinyeshe.

La pili: "Kila mtu alime lake." Ni jambo jema kwa mwenye ardhi, mwenye nguvu, na mwenye chakula cha kumfikisha kwenye mavuno. Mjane mwenye watoto wadogo hana nguvu ya ngwe tatu. Kijana asiye na akiba hawezi kungoja miezi minne simsim iive, anahitaji unga leo jioni. Kwa hiyo watu wataendelea kuajiriana. Hilo si dhambi wala si uvivu. Zamani watu walilimiana kwa zamu, leo kwako kesho kwangu, na huo ulikuwa ni ujima. Lakini ujima ni pale ambapo wote wana shamba. Ukimwita asiye na shamba kwenye ujima, zamu yake haifiki kamwe.

La tatu, na ndilo lililotugusa zaidi: "Sisi si matajiri." Pwani tunalitumia neno tajiri kwa maana mbili, mwenye mali nyingi na mwenye kumwajiri mtu. Wale akina mama si matajiri kwa maana ya kwanza. Kwa maana ya pili ni matajiri, tena kwa siku zote 24. Ukimwambia mtu, "Njoo kesho unilimie, nitakulipa," wewe ni tajiri wake, hata kama nyumbani kwako hakuna sukari.

Hapa inatupasa tuungame kosa letu wenyewe. Bajeti ya mradi ule tuliiandika sisi pamoja na kikundi. Palipohitajika mstari wa malipo ya palizi, tuliandika "nguvu za wanakikundi", kwa sababu wafadhili hupenda kuona mchango wa jamii. Tulijua kuwa wanachama kadhaa ni wazee na mmoja ana mimba. Tulijua lazima ataitwa mtu. Kwenye karatasi mradi ukaonekana unajitegemea. Kwa kweli ulikuwa unamtegemea kijana mmoja ambaye hakuandikwa popote.

Ndiyo sababu twasema: kikundi kinachoendelea kwa jasho la mtu kisichomlipa, hakijitegemei. Kinamtegemea yule.

Dini zetu katika hili hazigombani. Barua ya Yakobo, sura ya 5, inawaonya wenye mashamba kwamba ujira waliouzuia kwa wavunaji unamlilia Mungu. Ndugu zetu Waislamu wanafundishwa katika hadithi za Mtume kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Na Papa Leo wa 13, katika waraka wake wa mwaka 1891, alifundisha kwamba hata mfanyakazi akikubali mshahara mdogo kwa sababu ya shida, makubaliano hayo peke yake hayaufanyi kuwa wa haki.

SHERIA INASEMAJE?

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 haihusu makampuni peke yake. Yamhusu na mwenye shamba dogo anayeajiri mtu asiye wa nyumba yake. Mambo machache ya kukumbuka:

1. Kibarua wa siku alipwe mwisho wa siku. Kumngojesha miezi mitatu ni kuvunja sheria.

2. Kibarua akifanya kazi mfululizo zikafika siku za mwezi mmoja, si kibarua wa siku tena. Huhesabiwa kama mfanyakazi wa mwezi, na ana haki za mfanyakazi wa mwezi.

3. Kazi ya miezi mitatu au zaidi lazima iwe na mkataba wa maandishi, na anayepaswa kuuandika ni mwajiri.

4. Mfanyakazi apate angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba.

5. Tajiri haruhusiwi kumlazimisha mfanyakazi atumie mshahara wake mahali fulani, mathalani kwenye duka lake mwenyewe.

Na kiasi je? Kwa amri ya mwaka 2024, mshahara wa chini wa mfanyakazi wa kilimo asiye na ujuzi maalum uliwekwa shilingi 7,997.33 kwa mwezi. Ukigawa kwa siku 26 za kazi, ni zaidi kidogo ya shilingi 307 kwa siku. Amri ina kima chake pia kwa anayelipwa kwa siku, na viwango hivi hubadilika, kwa hiyo muulizeni afisa wa leba wa kaunti kabla ya msimu. Kwa hesabu hiyo ya 307, siku 24 ni shilingi 7,368. Kikundi chetu kilikubaliana 6,000, na hata hizo hazikutoka.

TUTENDE

Kufanya nini basi? Haya ndiyo tuliyokubaliana Mbwajumali baada ya mazungumzo marefu, na twawapa nanyi myapime.

Kwanza, andikeni siku. Neno lenyewe kibarua ni barua ndogo. Zamani pwani mtu wa kazi ya siku alipewa kikaratasi, na kwa kikaratasi hicho alipokea ujira wake. Siku hizi tumebaki na jina, kikaratasi kimepotea. Nunueni daftari mbili, moja ya kikundi na moja ya mfanyakazi. Kila jioni iandikwe tarehe, kazi, na kiasi, na wote wawili watie sahihi au dole gumba. Kazi ikiwa ya kipande, kama kukwea minazi au kulima ngwe, iandikwe idadi ya miti au ngwe.

Pili, pesa za palizi zitengwe kabla ya kupanda, kama zinavyotengwa za mbegu. Zikiwa hazitoshi, punguzeni shamba. Ekari moja iliyolipiwa ni bora kuliko ekari mbili zenye deni la mtu.

Tatu, aliye kibarua akaribishwe kikundini. Aweke kidogo kidogo kwenye mchezo wa pesa wa zamu, apate mbuzi au ngwe yake. Tunataka kibarua wa leo awe na lake kesho, asiwe wa kuitwa tu kila msimu.

Nne, uzeni kwa pamoja. Vikundi vitatu vikipeleka simsim au nazi kwa mnunuzi mmoja siku moja, vina sauti. Bei ikipanda kidogo, ujira hulipika.

Tano, wanasiasa wakija, msiwaulize tu kama wako upande wa matajiri au wa maskini. Waulizeni: afisa wa leba hufika kisiwani lini? Hati za mashamba zimefikia wapi? Kisha nanyi muwe tayari kuulizwa mnawalipaje watu wenu.

Mwisho, habari za yule kijana. Hatukuondoka na muujiza. Akina mama walimpa shilingi 3,000 siku ile ile kutoka mfuko wao wa zamu, na mama aliyekuwa na zamu ya mwezi ule alikubali kungoja yeye. Zilizobaki waliahidi kumaliza zikiuzwa kunde, wakaandika tarehe mbele ya mzee wa kijiji. Yule mama aliyesema "avumilie" ndiye aliyeshika kalamu. Na sisi tumeirudia bajeti yetu. Mstari wa palizi sasa umo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

1. Msimu uliopita, ni nani aliyetufanyia kazi? Je, tumemlipa yote, na kwa wakati?

2. Katika mradi wetu tumeandika "nguvu za wanakikundi" mahali gani? Nguvu hizo hasa ni za nani?

3. Ni nani kijijini kwetu anayeambiwa ajitegemee bila kuwa na shamba, mtumbwi wala jembe? Tufanye nini pamoja naye kabla ya mvua?

Twawatakia kazi njema na palizi njema.